Mwalimu na Takwimu za Siasa: Mafunzo Kutoka Mwalo wa Katonga

Utangulizi

Mwanachuo wa ualimu wa shule za msingi aweza kushangaa akikuta katika jarida hili makala yahusuyo njia za utafiti na takwimu zitumikazo katika tasnifu ya uzamili ya sayansi ya siasa. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: mambo hayo yamhusu nini mtu atakayefundisha Darasa la Tatu kusoma, kuandika na kuhesabu?

Sababu ni mbili. Kwanza, njia ya elimu haikomi kwenye cheti cha ualimu. Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotilia mkazo uzoefu wa kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na hasa tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wapo walimu walioendelea na masomo huku wakiwa kazini hata wakafika shahada ya uzamili. Afikaye huko aghalabu hakwami kwenye nadharia za siasa, bali kwenye sura ya tasnifu ielezayo njia za utafiti. Pili, mwalimu ni miongoni mwa watu wa kwanza kutafutwa panapohitajika karani wa sensa, msimamizi wa kituo cha kupigia kura, au mtu wa kupitisha hojaji kijijini. Hivyo, hata asipoandika tasnifu yake mwenyewe, huenda takwimu za tasnifu ya mtu mwingine zikapitia mikononi mwake.

Uchunguzi wa siasa kwa njia hizi si jambo geni kwetu. Baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana jimboni kwa alama za jembe na nyumba, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya uchunguzi wao katika kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe na kutolewa mwaka 1967. Uchaguzi wa mwaka 1970 nao ulichunguzwa hivyo hivyo. Tangu mwaka 1992 kazi ya namna hiyo imefanywa pia na mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia wa chuo hicho, ujulikanao kwa jina la REDET.

Katika makala haya tunakusudia kueleza hatua za utafiti huo kwa kutumia mfano wa mahali pamoja: Katonga, mwalo wa wavuvi katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Jambo kuu tunalotaka mwanachuo alishike ni hili: hesabu, hata iwe ya ustadi namna gani, haiwezi kumrudisha mtu aliyeachwa nje wakati wa kuchagua watu wa kuulizwa.

Swali hutangulia hesabu

Mwanafunzi wengi wao huanza kwa kutaja mada: "Nitaandika juu ya siasa na uvuvi." Mada si swali. Mada haina jibu, na kitu kisicho na jibu hakipimiki.

Tuchukue jambo lililotokea. Serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa watu wa Katonga, ambao maisha yao hutegemea dagaa na migebuka, miezi mitatu hiyo haikuwa jambo dogo. Aidha, sera ya uvuvi nchini imekusudia wananchi wenyewe washiriki katika ulinzi wa ziwa kwa njia ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi huviita BMU. Hapa ndipo mwanafunzi wa sayansi ya siasa apatapo swali lake: Je, mtu aliyehudhuria mikutano ya kikundi hicho huikubali amri ya kufunga ziwa kuliko yule asiyehudhuria?

Swali hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuhudhuria au kutohudhuria. Ya pili ni kukubali au kutokubali. Kila moja ni kigeu, maana yake jambo libadilikalo kutoka mtu hadi mtu. Kile tunachodhani kuwa ni chanzo huitwa kigeu huru. Kile tunachodhani kuwa ni tokeo huitwa kigeu tegemezi. Kauli inayoviunganisha, kwamba "wahudhuriao mikutano huikubali amri zaidi", ndiyo nadharia tete. Huitwa tete kwa sababu inangoja kupimwa, na mtafiti mwaminifu huwa tayari kuiona ikivunjika.

Yafaa tutambue pia kwamba neno kubwa kama "ushirikishwaji" halipimiki mpaka ligeuzwe kuwa jambo dogo linaloonekana. Nani ameshirikishwa? Aliyeitwa mkutanoni? Aliyehudhuria? Aliyesimama akasema? Au yule ambaye maneno yake yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano? Mtafiti akichagua moja, hana budi kulitaja waziwazi, maana msomaji atakayechagua jingine aweza kupata jibu jingine. Mwalimu ameizoea kazi hii: "kujua kusoma" ni neno kubwa, lakini tunapompima mtoto tunampa aya moja aisome kwa sauti, kisha tunamwuliza maswali matatu.

Nani aulizwe

Hatua hii ndiyo mzizi wa utafiti, na ndiyo tutakayokaa nayo kwa muda mrefu.

Njia kamili ya kujua hali ya watu ni kumfikia kila mmoja wao. Hivyo ndivyo ifanyavyo sensa. Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 2,470,967 walikuwa katika Mkoa wa Kigoma. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari na nauli ya kukopa hawezi kazi hiyo. Atachukua sehemu ndogo ya watu, yaani sampuli, na kuitumia kueleza kundi zima. Mpishi naye hafanyi vingine: huujua mchuzi wa sufuria nzima kwa kuonja kijiko kimoja. Lakini kabla ya kuonja huukoroga. Asipoukoroga, kijiko kitaeleza habari za juu ya sufuria tu, na chumvi yote yaweza kuwa imekaa chini.

Wingi wa watu walioulizwa hauwezi kuchukua mahali pa kukoroga. Mwaka 1936, gazeti moja la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma karatasi za maoni kiasi cha milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Majina ya waliotumiwa karatasi yalitolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki watu hao hawakuwa sawa na umma wa Marekani. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza.

Kwetu upo mfano unaostahili kufikiriwa kwa makini. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya mwaka 1991 maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Kiasi cha asilimia 77 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na asilimia 21 hivi walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Hatuna nia ya kujadili hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tunaloliangalia ni takwimu yenyewe. Waliohesabiwa ni wale waliojitokeza kusema. Asilimia 77 yaeleza kwa hakika habari zao. Kama yaeleza pia habari za waliobaki majumbani ni suala lisiloweza kujibiwa kwa kuitazama namba hiyo peke yake. Zaidi ya hayo, wengi katika waliotaka chama kimoja walitaka pia marekebisho ndani ya mfumo huo, jambo ambalo swali la "kimoja au vingi" halikuwa na nafasi ya kulipokea.

Turudi Katonga. Tuseme mtafiti anafika mwaloni alfajiri na kuuliza kila anayekutana naye. Atakutana na nani? Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku, kwa mwanga wa taa uvutao samaki. Zamani karabai, na siku hizi zaidi taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifai, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Basi, katika siku za giza mtafiti atawakuta wavuvi wakiwa wamechoka, wakishusha samaki kwa haraka ili wakalale. Wanaopata nafasi ya kuzungumza ni wenye vyombo na wachuuzi. Katika siku za mbalamwezi atawakuta wakishona nyavu, ila baadhi yao watakuwa wamekwenda makwao. Wanawake waanikao dagaa watakuwa kwenye vichanja vyao mchana kutwa, nao hawapitipiti pale penye mtumbwi uliotia nanga. Kumbe saa ya kufika na tarehe ya mwezi mwandamo vyaweza kubadilisha matokeo ya utafiti wa siasa.

Ili kuepuka kasoro hiyo, mtafiti afuate taratibu zifuatazo:

(a) Aorodheshe makundi yote yahusikayo: wenye vyombo, wavuvi wa kuajiriwa, wanaoanika dagaa, wachuuzi, wapagazi. Kila kundi litoe watu kwa kadiri ya ukubwa wake.

(b) Katika kila kundi apate orodha ya majina. Orodha ikikosekana, aitengeneze kwa kupita nyumba kwa nyumba au chombo kwa chombo.

(c) Achague kwa nasibu. Neno hili lisichanganywe na kuchagua ovyo. Anayechagua ovyo humchukua aliye karibu, aliye mchangamfu, au anayemfahamu. Anayechagua kwa nasibu humpa kila mtu katika orodha nafasi ya kuchaguliwa iliyo sawa na ya mwenzake. Kama orodha ina majina 300 na anahitaji watu 60, atamchukua mmoja katika kila watano. Atapiga kura ya karatasi ndogo kutoka 1 hadi 5 kupata wa kuanzia, kisha ataendelea kuhesabu.

(d) Aliyechaguliwa akikosekana, arudi mara ya pili na ya tatu, saa tofauti. Asimweke jirani mahali pake. Huyo asiyepatikana hana budi kuwa na sababu ya kutopatikana, na sababu hiyo yaweza kuwa ndiyo habari yenyewe.

Swali la watu wangapi watosha huwasumbua sana wanafunzi. Iko kanuni rahisi ya kukadiria: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya walioulizwa. Kwa watu 100, kipeuo ni 10, na jibu ni 0.1, yaani asilimia yako yaweza kupotoka kwa pointi 10 hivi juu au chini. Kwa watu 2,400 upotofu hushuka hadi pointi 2. Ndiyo sababu shirika la Afrobarometer, linalopima maoni ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, limetumia sampuli ya watu wapatao 2,400 kwa nchi nzima. Lakini kanuni hii ni ya sampuli ya nasibu tu. Wale milioni mbili wa mwaka 1936 haikuwafaa kitu.

Jinsi ya kuuliza

Swali baya huharibu sampuli njema. Tazama neno "chama". Mwuvuzi wa Katonga akiulizwa, "Je, wewe ni mwanachama?", aweza kufikiri chama cha siasa, chama cha ushirika, chama cha wavuvi, au chama cha kuwekeana akiba. Watu kumi watasema "ndiyo", na kila mmoja atakuwa amejibu swali lake. Vivyo hivyo, anayeuliza, "Je, unakubali kwamba kufunga ziwa ni jambo jema kwa vizazi vijavyo?" amekwisha kulijibu swali kabla ya mhojiwa. Ni afadhali kusema: "Wengine wanasema ziwa lifungwe miezi mitatu kila mwaka, wengine wanasema lisifungwe. Wewe waonaje?"

Tasnifu nyingi za vyuo vikuu vyetu huandikwa kwa Kiingereza, nazo hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili, na wakati mwingine huelezwa kwa Kiha papo hapo mbele ya mzee wa watu. Kila hatua yaweza kubadilisha maana. Njia iliyozoeleka ni kumpa mtu wa pili airudishe tafsiri katika lugha ya kwanza bila kuona maandishi ya asili. Zinapotofautiana, maneno yarekebishwe. Kisha hojaji ijaribiwe kwa watu wachache wasiokuwamo katika sampuli.

Mwalimu apewaye kazi ya kuhoji ana tatizo lake la pekee. Anaheshimiwa, na heshima hiyo huwafanya watu wampe jibu wanalodhani litampendeza. Atakapoanza na "Shikamoo, mama", akakaa mahali alipokaa mama huyo badala ya kusimama na kalamu, na akaeleza kwamba hakuna jibu la kupata wala la kukosa, atakuwa amelipunguza tatizo hilo, ingawa hatalimaliza.

Hali kadhalika, siri ya mhojiwa ni amana. Mvuvi akikiri kwamba alivua wakati ziwa limefungwa, au kwamba ana kokoro ndani, ametia riziki yake mikononi mwa mwulizaji. Majina yasiandikwe kwenye hojaji. Itumike namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina ihifadhiwe mbali. Mhojiwa aambiwe tangu mwanzo kwamba yu huru kukataa, na karatasi zilizojazwa asionyeshwe mtu mwingine yeyote, awe ofisa au jirani.

Kuhesabu

Hapa ndipo hofu ilipo, na hofu hiyo haina msingi mkubwa. Karibu kila kitu kihitajikacho kimo katika hesabu za madarasa ya juu ya shule ya msingi: jumla, wastani, asilimia na majedwali. Tarakimu zote zitumikazo katika sehemu hii ni za kubuni, kwa ajili ya zoezi tu.

Tuanze na wastani. Watu watano wanapata kwa usiku mmoja shilingi 5,000, 6,000, 6,000, 8,000 na 75,000. Jumla ni 100,000, na wastani ni 20,000. Je, kuna hata mmoja apataye 20,000? Hakuna. Wanne wako mbali chini yake, na mwenye chombo yuko mbali juu. Tukiwapanga kwa mfuatano na kumchukua wa katikati, tunapata 6,000, namba inayoeleza vizuri zaidi hali ya wengi. Panapokuwa na tajiri mmoja kati ya maskini wengi, wastani humsemea tajiri.

Sasa tulijibu swali letu. Tuseme watu 100 wameulizwa, na majibu yamepangwa hivi:

Waliohudhuria mikutano: 40. Wanakubali amri 28, hawakubali 12.
Wasiohudhuria: 60. Wanakubali 30, hawakubali 30.
Jumla: 100. Wanakubali 58, hawakubali 42.

Katika waliohudhuria, wanaokubali ni asilimia 70. Katika wasiohudhuria ni asilimia 50. Je, tofauti hiyo ni ya kweli, au ni bahati ya uchaguzi wa watu tu? Kipimo kitumikacho sana hapa ni kai mraba, kilichotolewa na Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900. Mantiki yake ni hii: kama mikutano haina uhusiano wowote na maoni, basi makundi yote mawili yangekuwa na asilimia 58 ya wanaokubali. Kwa hiyo katika 40 waliohudhuria tungetazamia 23.2 wakubali na 16.8 wasikubali, katika 60 wengine, 34.8 na 25.2. Kila tulichokiona kinapishana na tulichokitazamia kwa 4.8. Zidisha 4.8 kwa 4.8 upate 23.04, gawanya kwa kila namba iliyotazamiwa, jumlisha majibu manne. Utapata 3.94.

Kwa jedwali la namna hii, mpaka uliozoeleka ni 3.84. Jibu likiupita, twasema kwamba, kama kusingekuwa na uhusiano wowote, tofauti kubwa kiasi hiki ingetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Hapa tumeupita kwa nywele. Kama tungeuliza watu 50 tu na kupata asilimia zile zile, jibu lingekuwa 1.97, na tusingekuwa na haki ya kudai kitu.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika sasa: "Mikutano huwafanya watu waikubali amri." Asubiri. Uhusiano si chanzo. Na aulize kwanza: nani wanaohudhuria mikutano? Awagawanye watu wale wale 100 katika makundi mawili:

Wenye vyombo, 50. Waliohudhuria ni 30, na 24 kati yao wanakubali. Wasiohudhuria ni 20, na 16 wanakubali.
Wasio na vyombo, 50. Waliohudhuria ni 10, na 4 kati yao wanakubali. Wasiohudhuria ni 40, na 14 wanakubali.

Jumlisha, utaona kwamba hakuna mtu aliyeongezeka wala kupungua. Lakini picha imegeuka. Wenye vyombo wanaikubali amri kwa asilimia 80, wawe wamehudhuria au la. Wasio na vyombo wanakubali kwa asilimia 40 na 35, tofauti ndogo mno kwa watu wachache hivyo. Kinachowatenganisha watu si mkutano, ni chombo. Mwenye akiba aweza kungoja miezi mitatu samaki wazaliane. Anayekula leo kwa dagaa alioanika jana hana cha kungojea.

Fikiri sasa ingekuwaje kama mtafiti angewauliza wale tu waliokuwa rahisi kupatikana pale mwaloni, yaani wenye vyombo. Angeandika kwamba asilimia 80 ya watu wa Katonga wanaikubali amri. Hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa. Mkaguzi asingeona kosa katika jedwali lolote. Na kama ripoti hiyo ingefika mahali pa kuamulia mambo, nusu nzima ya watu wa mwalo wangekuwa wamesemewa neno wasilolisema, na hakuna aliyekusudia kuwadhulumu.

Neno juu ya mashine

Siku hizi hesabu hizi hufanywa na kompyuta kwa muda mfupi sana. Programu ya SPSS, itumikayo mno vyuoni, ilianzishwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Norman Nie, aliyekuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa, pamoja na wenzake wawili. Ipo pia programu iitwayo R, ambayo hailipiwi. Mashine hizi zapunguza kazi ya mkono. Hazipunguzi kazi ya kufikiri. Tunamshauri kila anayejifunza afanye jedwali moja dogo kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa kompyuta, ili ajue ile 3.94 imetoka wapi.

Mazoezi ya darasani

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha aweza kuyapitisha mawazo haya kwa watoto wa Darasa la Tano hadi la Saba kwa vifaa vya kijijini.

1. Mfuko wa maharage. Tia katika mfuko maharage 60 mekundu na 40 meupe. Kila kundi la watoto lichanganye, litoe 10 bila kutazama, liandike idadi ya mekundu, kisha liyarudishe. Makundi yatapata majibu tofauti: 5, 7, 6, 8. Waulize kama yupo aliyekosea. Kisha watafute wastani wa majibu yote ubaoni, waone unavyosogelea 6. Rudia kwa kuweka mekundu yote chini bila kuchanganya, watoto wachote juu. Majadiliano yatakayofuata yatafundisha kuliko maelezo yetu.

2. Maoni ya shule. Darasa lichague swali moja, kwa mfano mchezo gani uongezwe. Kundi moja liwaulize watoto 20 waliopo uwanjani wakati wa mapumziko. Kundi la pili lichague 20 kwa nasibu kutoka madaftari ya mahudhurio. Walinganishe majibu, na watafute ni watoto gani ambao kundi la kwanza halikuwakuta uwanjani.

3. Maneno ya swali. Nusu ya darasa iulizwe, "Je, mazoezi ya nyumbani yanachosha?", na nusu nyingine, "Je, mazoezi ya nyumbani yanasaidia?" Majibu yalinganishwe ubaoni.

Hitimisho

Wahenga husema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo yafaa katika malezi, lakini katika utafiti ni kosa ambalo sura nzima ya njia za utafiti imewekwa ili kulizuia. Mtafiti hana ruhusa ya kuwahukumu wote kwa mmoja mpaka aeleze huyo mmoja alipatikanaje, kwa orodha ipi, saa ngapi, na nani hakupatikana.

Kwa hiyo mwanachuo asisubiri afike chuo kikuu ndipo aanze kujifunza. Daftari la mahudhurio alilonalo ni orodha kamili. Alama za mtihani alizonazo ni takwimu. Na mtoto asiyekuwapo siku ya kupimwa ni somo la kwanza la sampuli. Siku atakapokabidhiwa hojaji na kuambiwa awapate watu 60 kabla ya Ijumaa, na akaona kwamba 60 walio karibu wanapatikana kwa asubuhi moja, akumbuke yule mama aliye kwenye vichanja vya dagaa upande wa pili wa mwalo. Amtembelee naye, amwulize, na aandike alivyosema.